Trapani si stendi: yanayosemwa kuhusu mji wa chumvi wa Sicily, na yalivyo

Trapani iko kwenye ncha ya magharibi ya Sicily, kisiwa cha Italia, pale ardhi inapojikunja kama mundu na kuingia baharini. Wagiriki waliliona umbo hilo wakauita mji Drepanon, yaani mundu, na jina halijabadilika sana tangu hapo. Wageni wengi siku hizi hulisoma kwenye tiketi ya ndege tu. Wanatua Birgi, kilomita kama 15 kusini mwa mji, kisha wanakimbilia Palermo au boti za visiwani. Hao ndio wanaorudi na kutuambia kwamba Trapani haina kitu.

"Trapani ni pa kupitia tu"

Mji wa kale ni mwembamba kiasi kwamba unaweza kusimama kwenye kichochoro ukaiona bahari upande huu, ukageuka ukaiona na upande ule. Tembea kwa maringo kutoka stesheni ya treni hadi Torre di Ligny, mnara wa mwaka 1671 uliojengwa kwenye ncha kabisa, na hutamaliza saa nzima. Chini ya ukuta wa kaskazini, Mura di Tramontana, kuna mchanga ambako wenyeji huogelea mchana na kurudi nyumbani kula na nywele bado mbichi. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba mji hauna pwani ya kuogelea haina miguu.

Kinachowaponyoka wengi zaidi ni Makumbusho ya Pepoli, kwa sababu hayako mji wa kale bali kilomita chache ndani, katika mtaa usiovutia macho, kando ya kanisa la Annunziata. Panda basi la mjini uende. Humo mna kazi za mafundi wa marijani wa Trapani wa karne ya 16 na 17: misalaba, taa, vyombo vya shaba iliyopakwa dhahabu na kupachikwa vipande vyekundu vidogo vidogo mpaka chuma hakionekani. Waliolelewa pwani yetu wamesikia habari za marijani ya fedhaluka kutoka kwa bibi zao. Marijani nyekundu ya namna hiyo huzaliwa katika bahari hii ya Mediterania, na Trapani ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya kuichonga.

"Kuskusi ni chakula cha wahamiaji wa juzi"

Mgeni akiona *cùscusu* kwenye orodha ya vyakula hudhani mwenye mgahawa kaajiri mpishi wa Kitunisia. Hapana. Hiki ni chakula cha nyumbani, na utengenezaji wake una majina yake ya Kisicilia. Ngano ngumu iliyosagwa chengachenga humwagwa kidogo kidogo kwenye bakuli pana la udongo liitwalo *mafaradda*. Mkono mmoja hunyunyiza maji, mwingine huzungusha vidole mpaka chenga zishikane kuwa punje. Kazi hiyo huitwa *incocciata*, na anayeijua huifanya huku akipiga soga. Kisha punje huenda kwenye chungu chenye matundu, juu ya sufuria inayochemka, na pale vyombo viwili vinapokutana hubandikwa donge la unga ili mvuke usitoroke. Mpishi wa biriani anayeziba sufuria yake kwa unga hahitaji kutafsiriwa hapo.

Afrika Kaskazini kuskusi mara nyingi huambatana na kondoo. Trapani ni mchuzi wa samaki wa miamba, wale wenye miiba mingi na sura mbaya ambao ndio hasa wenye ladha. Kutoka pembe hii ya Sicily hadi rasi ya Bon huko Tunisia ni kama kilomita 150, na wavuvi wa pande mbili wamepishana humo kwa karne nyingi. Nani alimfundisha nani, siwezi kuamua kesi hiyo nikiwa na kijiko mkononi. Ukiwa huko Septemba, mji jirani wa San Vito Lo Capo hufanya tamasha la kuskusi tangu 1998, na wapishi wa nchi mbalimbali hushindana.

Ukichoka na kuskusi, agiza *busiate*, tambi za kusokotwa, kwa mchuzi mbichi wa lozi, nyanya, kitunguu saumu na majani ya mrehani.

"Enzi ya Waislamu ilipita bila kuacha alama"

Majengo, kweli, yamebaki machache. Lakini tega sikio. Zabibu tamu za kisiwa cha Pantelleria, kilicho katika mkoa huu huu, huitwa *zibibbo*. Mji wa kusini, Marsala, umebeba ndani ya jina lake neno marsa, mahali pa kutia nanga. Gibellina ina jabali ndani yake. Na mlima ulioegemewa na Trapani, unaoitwa Erice leo, Waarabu waliuita Jabal Hamid. Msomaji wa Kiswahili anasoma ramani ya mkoa huu kwa namna ambayo mgeni kutoka Oslo hawezi.

Kuna na ushahidi wa maandishi. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyekuwa akirejea kutoka Hija, alivunjikiwa na chombo karibu na Messina Desemba 1184, akavuka kisiwa hadi Trapani kutafuta meli ya Wagenoa ya kumrudisha kwao. Idi ya kufungua ilimkuta hapo, Januari 1185. Wakati huo Sicily ilikuwa chini ya wafalme Wakristo wa Kinormani, naye akashangaa kuona Waislamu wa mji wakitoka kwenda kuswali kwa ngoma na pembe, na Wakristo wakiwatazama bila kuwaingilia. Hali hiyo haikudumu. Katika karne ya 13 mfalme Frederick II aliwahamishia Waislamu wa Sicily huko Lucera, Italia bara. Lakini ukipita Trapani wakati wa Idi, una haki ya kuukumbuka msafara ule.

"Mashamba ya chumvi ni mapambo ya picha"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu hufika jua likizama, hupiga picha ya kinu cha upepo, huondoka. Vinu vile havikuwekwa kwa ajili ya urembo: vingine vilivuta maji kutoka bwawa moja kwenda jingine, vingine vilisaga chumvi. Na chumvi bado inavunwa hadi leo.

Aliyeona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo ataielewa kazi yenyewe kwa haraka. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa ya nje, kisha husogezwa hatua kwa hatua kwenye mabwawa yenye kina kidogo zaidi na chumvi kali zaidi, jua na upepo vikifanya kazi ya moto. Mavuno ni ya kiangazi. Marundo meupe hufunikwa vigae vya udongo, vile vile vya paa la nyumba, ili mvua ya vuli isiyayeyushe. Tangu 1995 eneo la Trapani na Paceco, karibu hekta 1,000, ni hifadhi ya mazingira, na kijijini Nubia kuna makumbusho ndani ya nyumba ya zamani ya wavunaji.

Ile rangi ya waridi ya maji ya mabwawa nayo huzushiwa mengi: eti ni uchafu wa viwanda, eti ni dawa. Ni mwani mdogo sana unaostahimili chumvi kali, pamoja na kamba wadogo wanaoula. Heroe huja kula hao kamba, nao wakapata rangi hiyo hiyo kwenye manyoya.

Biashara hii si ya jana. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemwandikia mfalme Roger II kitabu kilichokamilika Palermo mwaka 1154, alizitaja chumvi za Trapani. Kitabu hicho hicho kinataja Malindi na Mombasa, na chuma kilichochimbwa upande wetu. Kwa hiyo Trapani na Malindi zimekaa ndani ya jalada moja kwa zaidi ya miaka 850.

"Ukienda Favignana utaona jodari wakivuliwa kwa mikuki"

Umechelewa. Favignana ni kimoja cha visiwa vya Egadi, mbele ya Trapani. Uvuvi huo, *mattanza*, ulikuwa wa nyavu zilizopangwa kama vyumba baharini, jodari wakiingia chumba baada ya chumba hadi cha mwisho, ambako wavuvi waliwavuta juu kwa mikono na ndoano huku wakiimba. Wa mwisho kwa Favignana ulifanyika 2007. Mkuu wa wavuvi aliitwa *rais*. Ndiyo, neno lenyewe hilo, kutoka Kiarabu kile kile kilichotupa sisi wetu, ila wa kwao aliishi mashuani, si ikulu, na neno lake baharini halikupingwa.

Kilichobaki ni kiwanda cha familia ya Florio, walionunua visiwa vya Egadi mwaka 1874 na kusindika jodari kwenye makopo. Sasa ni makumbusho, na ni mazuri kweli: tanuri, mabomba ya moshi, mashua nyeusi zimelala kimya. Boti ya mwendo kasi kutoka Trapani huchukua kama nusu saa. Ukipenda utulivu zaidi shuka Levanzo, kisiwa kidogo chenye Grotta del Genovese, pango la michoro ya binadamu wa kale. Omba nafasi mapema, kwa kuwa watu huingia na mwongozaji tu.

"Bila gari huendi kokote"

Erice, mji wa mawe ulio mita 750 juu ya bahari, hupandwa kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma kutoka pembeni mwa Trapani, dakika kama kumi. Juu kuna ngome ya Wanormani iliyojengwa palipokuwa na hekalu la Venus, na maduka ya vitamu vya lozi, ufundi ulioanzia kwenye nyumba za watawa. Kula *genovese*, kikeki chenye krimu ndani, ikiwa bado moto. Beba sweta hata kama mjini unatoka jasho. Marsala kuna treni, na Palermo kuna mabasi ya saa mbili hivi. Gari linahitajika kweli ukitaka fukwe za mbali. Kwa mengine ni mzigo wa kutafutia maegesho.

"Agosti ndiyo mwezi wake"

Agosti ni mwezi wa foleni za boti na wa *scirocco*, upepo wa moto kutoka Sahara. Chagua Mei au Septemba. Au nenda Pasaka: Ijumaa Kuu saa nane mchana hutoka Misteri, makundi 20 ya sanamu za mateso ya Yesu, yaliyotengenezwa kwa mbao, kitambaa na gundi, kila moja chini ya kundi la watu wa kazi fulani, wavuvi, waoka mikate, wavuna chumvi. Wabebaji huyayumbisha kwa mwendo wa bendi, usiku kucha, hadi Jumamosi mchana. Ukikosa siku hiyo, sanamu hukaa katika kanisa la Purgatorio mwaka mzima.

"Huko ni kwa Mafia, utaibiwa au utauawa"

Kusema Mafia haikuwahi kuwepo ni uongo. Tarehe 2 Aprili 1985, huko Pizzolungo karibu na mji, bomu lililokusudiwa jaji liliwaua mama na watoto wake mapacha. Matteo Messina Denaro, kinara wa Mafia wa Castelvetrano katika mkoa huu, alikamatwa Januari 2023 baada ya kujificha miaka 30. Lakini Mafia hula tenda na biashara, haitafuti mkoba wa mtalii. Chunga simu yako kama unavyoichunga Kariakoo.

"Siku moja inatosha"

Inatosha kama upepo umekubali, na upepo wa Trapani haukubali kila siku. Ukivuma sana, boti za Egadi hazitoki, na vibanda vya Erice husimama. Mwenye siku moja akikutwa na hali hiyo ndiye huyo anayeondoka akisema mji hauna kitu. Weka siku tatu au nne, tazama hali ya hewa kila asubuhi kabla ya kukata tiketi, bahari ikitulia nenda visiwani kwanza, na siku ya upepo uwaachie Pepoli na kuskusi.