Upimaji wa macho chekechea: tuhesabu waliotibiwa

Ripoti nyingi za upimaji wa macho katika shule za chekechea huanza na idadi: shule zilizofikiwa, watoto waliopimwa. Namba hizo zinaonyesha timu ilivyojituma. Hazionyeshi kama yupo hata mtoto mmoja anayeona vizuri zaidi kwa sababu timu ilifika.

Katika umri huu tunatafuta hasa jicho vivu. Jicho moja likipeleka picha hafifu kwenye ubongo, iwe kwa makengeza, kwa tofauti kubwa ya uwezo wa kuona kati ya macho mawili au kwa mtoto wa jicho, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile jingine. Mtoto halalamiki, maana jicho zima linamtosha kucheza na kuchora. Mzazi naye hana cha kumshtua. Tiba, ambayo mara nyingi ni miwani pamoja na kuziba jicho zima kwa saa chache kila siku, huleta matokeo mazuri zaidi kabla ya miaka 7.

Je, vipimo vyenyewe vinaaminika? Utafiti wa Vision in Preschoolers nchini Marekani ulilinganisha vipimo 11 kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Vilipowekwa katika kiwango ambacho mtoto 1 tu kati ya 10 wasio na tatizo angepewa rufaa bila sababu, vipimo bora kabisa viliwabaini takriban theluthi mbili ya wenye tatizo. Kwa matatizo mazito zaidi vilifanya vizuri kuliko hapo.

Tupige hesabu. Tuseme wilaya imepima watoto 1,000, na 50 kati yao wana tatizo. Kwa kipimo cha namna hiyo, watapatikana kama 33 na 17 watapita wakiambiwa wako salama. Wakati huohuo, watoto 95 wazima watapewa rufaa. Hospitali itatarajia watoto 128, wengi wao wakiwa hawana shida. Mama aliyepoteza kibarua cha siku na nauli ili aambiwe mwanawe ni mzima hatakuwa mwepesi kurudi mwaka ujao, na simlaumu. Sasa, nusu ya wale 33 wasipofika hospitali, watoto 1,000 waliopimwa wanakuwa wametuletea wagonjwa 16 au 17 wa kutibiwa.

Hofu hiyo ya nusu si ya kubuni. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika shule 50 za kaunti ya Trans-Nzoia, Kenya. Watoto walikuwa wakubwa kuliko wa chekechea, lakini njia ya rufaa ni ileile. Kwa utaratibu wa kawaida, wa kumpa mtoto barua aipeleke nyumbani, 22% tu ya waliopewa rufaa walifika hospitali. Walimu walipopima kwa programu iliyo kwenye simu na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe, walifika 54%. Ni zaidi ya mara mbili, na bado karibu nusu hawakuonekana.

Kipimo cha mwisho ni hali ya watoto miaka kadhaa baadaye. Israel ilifanya hivyo: katika mji wa Haifa, ambako watoto walipimwa wakiwa wadogo, 1% walikutwa na jicho vivu walipofika miaka 8; katika mji wa Hadera, ambako hawakupimwa, ilikuwa 2.6%.

Kwa hiyo afisa wa afya au mfadhili akiletewa ripoti, aulize wangapi walifika kliniki, wangapi walithibitishwa, wangapi walipata miwani na bado wanaivaa baada ya miezi 6. Aulize pia kama sehemu ya waliofaulu kipimo ilipimwa tena na mtaalamu, kwa kuwa bila hilo waliokoswa hawajulikani. Na aulize jicho lilizibwa kwa kitu gani wakati wa kupima. Mtoto wa miaka 4 akiziba kwa kiganja, atachungulia katikati ya vidole. Kibandiko cha kunata hakimpi nafasi hiyo.