Familia za mbawakawa: jina hufuata jenasi moja

Ukifungua gunia la mahindi lililokaa ghalani bila dawa, usishangae kukuta familia tatu za mbawakawa zikiishi pamoja. Fukusi mwenye mdomo mrefu, Sitophilus zeamais, ni wa Curculionidae. Dumuzi, Prostephanus truncatus, ambaye kifua chake kimekifunika kichwa kama kofia, ni wa Bostrichidae. Yule mwekundu anayefuata unga, Tribolium castaneum, ni wa Tenebrionidae. Majina yote matatu yameundwa kwa kanuni moja, na ukiishika hutayumba familia zinapounganishwa au kugawanywa.

Kila familia ina jenasi kielelezo, yaani jenasi moja inayobeba jina la familia. Jina la jenasi hiyo hugeuzwa kuwa hali ya umilikaji ya Kilatini, kiishio chake hutolewa, kisha huongezwa -idae. Tenebrio huwa Tenebrionis, shina likabaki Tenebrion-, na familia ni Tenebrionidae. Curculio huwa Curculionis. Cerambyx huwa Cerambycis, ndiyo maana tunaandika Cerambycidae. Anayebandika -idae moja kwa moja kwenye jenasi hupata "Curculidae" au "Cerambyxidae", makosa yanayoonekana kwenye lebo za wanafunzi. Ngazi nyingine hubadili kiishio tu: familia ya juu ni -oidea, nusufamilia -inae, kabila -ini, na nusukabila -ina. Jenasi na spishi huandikwa kwa italiki. Familia haiandikwi hivyo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba jina halielezi umbo la wadudu wala halitoi mipaka ya kundi. Linafuata jenasi kielelezo popote inapopelekwa. Familia mbili zikiunganishwa, kwa kawaida jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki. Wale wadogo wanaotoboa pilipili kavu na tumbaku, Lasioderma serricorne, kwa miaka mingi waliandikwa chini ya Anobiidae. Jina hilo ni la Fleming, 1821, yaani mwandishi aliyelitoa na mwaka alipolichapisha. Walipounganishwa na Ptinidae ya Latreille, 1802, la 1802 lilishinda, na Anobiidae ikashuka kuwa Anobiinae. Mwandishi na mwaka havikubadilika: Anobiinae bado ni ya Fleming, 1821, kwa sababu jina lililotolewa katika ngazi moja ya kundi la familia (kuanzia familia ya juu hadi nusukabila) huhesabiwa kuwa limetolewa katika ngazi zote za kundi hilo.

Wadudu wa maharagwe na kunde ndio wanaowasumbua wengi. Vitabu vya zamani vya kilimo vinawaweka Acanthoscelides obtectus na Callosobruchus maculatus katika Bruchidae. Leo wako Bruchinae, ndani ya Chrysomelidae, familia ya mbawakawa wa majani. Mimi naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Jamaa wa karibu zaidi wa Bruchinae ni Sagrinae, nao ni Chrysomelidae. Ukiwatenga wadudu wa maharagwe katika familia yao, Chrysomelidae inabaki kundi lililokatwa tawi moja la ukoo wake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Scolytidae: Hypothenemus hampei anayetoboa buni sasa ni wa Scolytinae, ndani ya Curculionidae. Kwa hiyo ukitafuta maandiko kuhusu wadudu hawa, tafuta kwa majina yote mawili, la zamani na la sasa, la sivyo utakosa utafiti wa miongo mizima.

Mkondo si wa kuunganisha tu. Mbawakawa wakimbiaji wa jenasi Cicindela walikuwa wamewekwa ndani ya Carabidae, lakini uchambuzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2020 uliwarudishia familia yao, Cicindelidae. Orodha kuu ya Bouchard na wenzake ya mwaka 2011 ilikubali familia 211, za sasa na za visukuku, kutoka katika majina 4,887 ya ngazi za familia. Idadi ya familia imekuwa ikibadilika tangu hapo.

Sasa mdudu yuko mkononi. Anza chini ya mwili, si mgongoni. Ikiwa nyonga za miguu ya nyuma zimegandamana na kifua na kulikata pande mbili pingili la kwanza la tumbo, uko Adephaga, moja ya makundi makuu mawili ya mbawakawa, na wa nchi kavu mara nyingi ni Carabidae. Pingili hilo likiwa halikukatwa, karibu hakika uko Polyphaga, kundi kuu la pili. Kisha hesabu vipingili vya unyayo, mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma. Tano, tano, nne kwa mdudu mweusi wa ardhini huelekeza Tenebrionidae. Tano kotekote kwa mdudu kama huyo huelekeza Carabidae. Hapa ndipo wengi hukosea: katika Chrysomelidae na Cerambycidae utaona vinne, kwa sababu cha nne halisi ni kidogo mno na kimejificha ndani ya cha tatu chenye ndewe mbili. Lenzi ya mara 10 haitoshi kwa wadogo. Tumia darubini ya mara 20 hadi 40.

Nairobi fly, Paederus sabaeus, anayeunguza ngozi anapopondwa, ni wa Staphylinidae. Mabawa yake magumu ni mafupi na pingili kadhaa za tumbo ziko wazi. Mabawa mafupi peke yake hayatoshi kuamua: baadhi ya Nitidulidae na Meloidae nao wana mabawa mafupi, ila kwa Nitidulidae huwa ni pingili moja au mbili tu za mwisho zinazoonekana.

Mdudu mkavu akivunjika miguu, hesabu yote hupotea. Mlainishe kwanza ndani ya chombo kilichofungwa chenye karatasi yenye unyevu, siku moja au mbili, ndipo umpange. Wakubwa hutobolewa kwa pini kwenye bawa gumu la kulia. Walio chini ya milimita 5 hivi hubandikwa ubavu wa kulia kwenye ncha ya kadi ya pembetatu, kwa gundi inayoyeyuka majini na kwa tone dogo, maana gundi ikimwagika chini ya tumbo huficha nyonga unazohitaji. Lebo ya kwanza iwe na nchi, kaunti, mahali, mwinuko, tarehe na mkusanyaji. Jina la spishi na familia liwe kwenye lebo ya pili peke yake, ili familia ikihamishwa ubadilishe lebo hiyo bila kugusa data ya mahali.