Je, wajua kwa nini tunamlilia mtu ambaye hajawahi kuishi?

Unafunga riwaya, unafuta machozi, na unajua fika kwamba uliyemlilia hayupo wala hajawahi kuwapo. Imekuwaje?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alieleza kwamba mhusika mkuu wa tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wa msiba, hafai kuwa mwema kupindukia wala mwovu kabisa. Huruma, alisema, hutujia kwa anayepatwa na balaa asilostahili, na hofu hutujia kwa aliye kama sisi. Malaika hatumlilii, kwa sababu hatujioni ndani yake.

Mwaka 1927, E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliwagawa wahusika mafungu mawili ambayo wahakiki wa Kiswahili huyaita bapa na duara. Bapa amejengwa juu ya wazo moja: mchoyo ni mchoyo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Duara anaweza kutushangaza na bado tukamwamini. Hiyo "bado tukamwamini" ndiyo kazi yenyewe. Mlevi akiokoka ghafla katika sura ya mwisho tunashangaa, lakini hatuamini, maana hatukuona popote kiu yake ya kitu kingine.

Tumchukue mzee mmoja wa kubuni. Mdogo wake alimdhulumu urithi, na kwa miaka ishirini hawasemeshani. Kila usiku mzee hupiga magoti na kusali Baba Yetu. Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Mzee alijawa na uchungu mkubwa moyoni." Tumeambiwa, hatujaumia. Mwingine ataandika kwamba mzee anasali kwa sauti, na akifika pale pa kuomba asamehewe kama anavyowasamehe waliomkosea, anakohoa. Usiku wa pili, palepale, anakohoa tena. Usiku wa tatu mkewe, aliyelala amegeukia ukutani, anakisubiri kile kikohozi.

Uchungu haukutajwa, wala chuki, wala imani. Vyote tumevigundua wenyewe, na hisia uliyoigundua mwenyewe inakuwa yako. Ndiyo maana inauma.

Hapo pia ndipo kina cha kiroho kinapopatikana. Wengi hudhani mhusika wa kiroho ni yule anayetaja Mungu kila ukurasa. Kwa maoni yangu huyo mara nyingi ndiye bapa kuliko wote, kwa kuwa imani yake haimgharimu kitu. Mzee wetu inamgharimu: angekuwa haamini, angesali sala yote bila kukwama. Na hata asiyekuwa na dini ana roho ya kuonyeshwa. Mtazame akiwa peke yake, mlango umefungwa, na kuna jambo hawezi kulifanya ingawa hakuna atakayejua.

Ukiwa unaandika, basi, tafuta mahali ambapo anachokiamini mhusika wako kinagongana na anachokitaka, kisha ukae hapo. Usikimbilie kumpatanisha na nafsi yake. Siku mdogo mtu akibisha hodi, mzee huenda akamfungulia, akamvutia kiti, akamtengea chakula bila kusema neno. Na usiku huo, kwa mara ya kwanza, asipige magoti. Mkewe yuko macho gizani, anasikiliza.