Kujenga upya faharasa ya barua pepe ni kufanya nini?

"Fundi, barua zimeyeyuka zote!" Ndivyo alivyonipigia karani wa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga, usiku umeme umekatika na seva ikazimika ghafla. Alitafuta neno "mkonge" katika barua za miaka sita, akajibiwa hakuna kitu. Mkonge, Tanga hii! Nikamwambia afungue folda, ashuke taratibu kwa macho. Zote zilikuwepo. Waja leo waondoka leo ni sifa ya wageni wa mji huu. Barua hazikwenda popote.

Kilichoharibika ni faharasa ya kutafutia. Barua inapoingia, seva huchambua maneno yake na kuyaandika katika mafaili ya pembeni, ila kinyumenyume: haiandiki kwamba barua namba 4087 ina maneno haya na haya, bali kwamba "mkonge" limo katika namba 112, 4087 na 9350. Ukitafuta "mkonge" pamoja na "meli", hutazama safu mbili za namba na kuchukua zilizomo kotekote. Barua zenyewe haizifungui. Sasa umeme ukizimika katikati ya kuandika, au diski ikijaa, safu hubaki nusu.

Kujenga upya ni kuisomesha seva barua zilezile tena, iandike safu hizo upya. Kwenye Dovecot, programu ya seva ya barua pepe, amri ya `doveadm fts rescan` hulinganisha faharasa na barua zilizopo, kisha `doveadm index` huingiza zilizokosekana. Faharasa ikiwa haifunguki kabisa, hufutwa kwanza. Hapo macho! Kwa barua za mtindo wa Maildir, yaani kila barua na faili lake, faili la `dovecot-uidlist` usiliguse. Ndilo linalotunza namba za barua. Likipotea, barua hupewa namba mpya na kila simu na kompyuta ya ofisi huanza kuzipakua upya.

Kosa baya zaidi ni kurudisha bekapu ya juzi juu ya barua nzima kwa sababu utafutaji umegoma. Hapo barua za jana zitapotea kweli.

Kazi huchukua muda, hasa seva ikiwa imewekwa kusoma na viambatisho, na kabla haijaisha utafutaji huwa mzito. Karani nilimwambia asitafute kitu hadi baada ya adhuhuri. Saa tano akanipigia: "Fundi, mbona inazunguka tu?"