Paka anayekojoa kwa shida si lazima awe na yutiai

Juzi nimeulizwa tena, na safari hii ni jirani wa ukuta kwa ukuta: "Paka wangu ana yutiai, nimpe dawa gani?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema anaingia kwenye mchanga wake kila baada ya muda mfupi, anachuchumaa sana, kinachotoka ni matone, na matone yenyewe yana damu. Alikuwa ameeleza vizuri mno. Kama angeishia hapo, daktari yeyote wa mifugo angekuwa na pa kuanzia. Lakini tayari alikuwa ameshampa paka kidonge cha antibayotiki kilichobaki nyumbani tangu mtoto alipougua, kwa sababu jina la ugonjwa lilikuja na dawa yake.

Tuanze na maana ya neno, kwa kuwa haihitaji maneno mengi. Yutiai ni UTI, ufupisho wa maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya maambukizi ya njia ya mkojo: bakteria wameingia kwenye mrija wa mkojo, kwenye kibofu au kwenye figo, na wanazaliana humo. Kinachothibitisha ni mkojo uliochukuliwa kwa usafi, ukapimwa, na ikibidi ukaoteshwa maabara mpaka bakteria wenyewe wakaonekana. Maumivu peke yake si yutiai. Damu peke yake si yutiai.

Kinachonisumbua ni kwamba neno hili limemeza maneno mengine yote. Mtaani siku hizi mtu akiumwa kiuno ni yutiai, akihisi joto mwilini ni yutiai, akichoka bila sababu ni yutiai sugu. Kwenye maandishi hata linasomeka kama neno letu la uti, lile la uti wa mgongo, ndugu wa mti na kijiti, na nimewahi kukaa na mzee aliyeamini kabisa kwamba ni ugonjwa wa mgongo unaoshukia kwenye mkojo. Sikumlaumu. Herufi tatu hazimwambii mtu chochote.

Tulikuwa na maneno yaliyosema zaidi. Kisonono kina ukoo mmoja na kusonona, yaani kuuma: jina linakueleza anachohisi mgonjwa. Watu wa pwani na wa kandokando ya maziwa walipoona damu kwenye mkojo wa mtoto walisema kichocho. Na pale wasipojua ni nini walisema tu kwamba anakojoa kwa shida, au mkojo umemzuia. Hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu yanataja kilichoonekana na kukaa kimya juu ya kisichojulikana. Yutiai hainyamazi. Ukiitamka umeshataja chanzo, na ukishataja chanzo umeshachagua dawa.

Angalia pia neno maambukizi lenyewe. Limetoka kwenye kuambukiza, na kitenzi cha namna hiyo kinataka pande mbili, anayeambukiza na anayeambukizwa. Ndiyo maana jirani yangu alikuwa ameshawakataza watoto wasimguse paka. Paka aliyekuwa na maumivu, anayehitaji utulivu na mikono aliyoizoea, akafungiwa stoo.

Sasa kwa nini kosa hili ni kubwa zaidi kwa paka kuliko kwa binadamu? Kwa binadamu, hasa wanawake ambao mrija wao wa mkojo ni mfupi, bakteria kwenye kibofu ni jambo la kawaida, kwa hiyo anayekisia yutiai mara nyingi anapatia. Paka ameumbwa vingine. Asili yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu anayepata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye nyama ya mawindo. Figo zake hubana maji kwa nguvu, na mkojo wake hutoka mzito na mkali. Bakteria hawastawi kwa urahisi kwenye mkojo wa namna hiyo. Kwa paka ambaye hajafika miaka 10, wanaokutwa na bakteria kweli ni wachache. Akizeeka mambo hubadilika: figo zikichoka, au akipata kisukari, mkojo huwa mwepesi na bakteria hupata nafasi. Hapo neno yutiai linaanza kustahili.

Na hao wengine wasio na bakteria je? Wachache wana mawe au chembechembe. Moja ya chembechembe hizo, iliyojengwa kwa magnesi, amonia na fosfati, inaitwa struvaiti, jina lililotolewa mwaka 1845 mjini Hamburg kwa heshima ya von Struve, mtu wa jiolojia. Lakini zaidi ya nusu ya paka wasiofika miaka 10 wanaokojoa kwa shida hawakutwi na jiwe wala bakteria. Kibofu kimevimba ndani, kinachoma, kinavuja damu, na vipimo havioneshi mkosaji. Madaktari wanaita hali hiyo idiopathia. Idios kwa Kigiriki ni "ya mwenyewe" na pathos ni mateso, kwa hiyo ni mateso yanayojianzia yenyewe. Wapo wanaosema ni neno la kuficha ujinga. Mimi naliheshimu kwa sababu hilo hilo: ni jina linalokiri kwamba chanzo hakijaonekana, kama wazee walivyosema tu anakojoa kwa shida.

Si kwamba hakuna kinachojulikana. Tony Buffington, daktari wa wanyama aliyekuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, ametumia miaka mingi kuonesha kwamba paka hawa wana mfumo wa kuhisi hatari ulio mwepesi kupita kiasi, na kibofu ni mahali tu ambapo hofu hujitokeza. Kuhamia nyumba mpya, mafundi wanaogonga dari wiki nzima, wageni wa arusi, paka mgeni anayekaa dirishani, chombo cha mchanga kilichowekwa karibu na mashine ya kufulia: vitu kama hivi vinatosha kumfanya akojoe damu. Jirani yangu, nilipomuuliza, alikuwa amevunja ukuta wa jikoni wiki hiyo hiyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo limedanganya watu wengi waungwana. Uvimbe huu wa kibofu kwa kawaida hutulia wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja. Dozi ya antibayotiki nayo ni siku tano au saba. Paka anapewa dawa Jumatatu, Jumapili anakojoa vizuri, na mwenyewe anaapa kwamba ilikuwa yutiai na imepona. Miezi mitatu baadaye inarudi, anaiita yutiai sugu, anatafuta dawa kali zaidi. Dawa haikutibu chochote, ila imewafundisha bakteria wengine mwilini mwake namna ya kuivumilia, na siku atakapokuja kuugua maambukizi ya kweli huenda isifanye kazi. Kwa paka huyu, kilicho bora ni dawa ya maumivu iliyotolewa na daktari wa wanyama, chakula chenye majimaji, supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu, maji safi sehemu zaidi ya moja, na vyombo vya mchanga vinavyozidi idadi ya paka kwa kimoja, viwekwe kwenye kona tulivu.

Ila yote haya nimeyasema kwa paka ambaye mkojo, japo ni matone, unatoka. Kwa dume ambaye hautoki kabisa, simama usome polepole. Mrija wa mkojo wa paka dume huzidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Ute uliochanganyika na chembechembe unaweza kuuziba kama unga wa ugali unavyoziba sinki. Kibofu kinajaa, kinakuwa kigumu kama chungwa, figo zinashindwa kutoa taka, na potasiamu inapanda kwenye damu hadi moyo unapoteza mapigo yake. Ndani ya siku moja au mbili hali inakuwa mbaya, na asipozibuliwa anakufa. Hakuna kidonge cha kufungua. Anahitaji kulazwa usingizi, kuingizwa mpira wa mkojo na kuwekewa dripu. Usimkamue tumbo ukidhani unamsaidia, kibofu kilichojaa hivyo kinaweza kupasuka mkononi mwako.

Huyu ndiye paka anayeuawa na neno yutiai. Mwenyewe amejiambia ni maambukizi, amempa dozi, na anasubiri dawa ifanye kazi huku saa zinakwenda. Nimeshaona hilo likitokea, na hasira niliyonayo na neno hili ilianzia siku hiyo.

Kuna neno letu wenyewe pia linaloponza: "hapati choo". Paka aliyeziba anachuchumaa na kujikamua, na anayemtazama anasema amefunga choo. Anamnywesha mafuta ya kula. Kiswahili kimetupa haja ndogo na haja kubwa, tuzitumie. Chungulia kwenye mchanga uone ni ipi isiyotoka, maana moja inaweza kungoja kesho na nyingine haiwezi.

Na kwa kuwa maumivu ya mnyama hayavumiliki kutazama, niseme na hili: usimpe Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Diklofenaki nayo usimguse nayo.

Jirani yangu alinisikiliza, kisha akauliza swali zuri: basi nimwambie nini daktari, kama si yutiai? Nikamjibu kwamba alishalisema mwanzoni. Ameingia kwenye mchanga mara ngapi tangu asubuhi. Kinachotoka ni kiasi gani na rangi gani, au hakitoki kabisa. Ni dume au jike, ana umri gani, amehasiwa au la. Anakula, anatapika, anajilamba chini. Nyumbani kumebadilika nini wiki hii. Akaanza kuyasema kwenye simu, la kwanza kabisa likiwa: "Ni dume, na tangu saa tatu sijaona tone." Wakamwambia amlete sasa hivi.