Usichimbe chini ya boma, tazama ukuta wake

Kijana mmoja alitufikia ofisini kutoka Rungwe, ana kitu amekifunga kwenye pindo la leso. Akaamkia, akakaa, akafungua fundo taratibu kama anayehofia kilichomo kitaruka.

"Mzee, nimeambiwa hii rupia inafika milioni hamsini."

Haikuwa rupia. Ilikuwa heller moja, sarafu ndogo ya wakati wa Mjerumani, ya shaba, pana kama kifungo cha koti. Upande mmoja kuna taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, upande wa pili tarakimu 1 ndani ya shada la majani. Zilitengenezwa Ujerumani kwa mamilioni kati ya 1904 na 1913, na mia moja zilikuwa sawa na rupia moja ya fedha. Bei yake leo hainunui hata mfuko wa mbolea. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama nataka kumdhulumu.

Nimeanza na heller hiyo kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini ukitaja boma la Mjerumani, yaani ngome na ofisi ya utawala wake, swali la kwanza ni hazina. Wapo wanaodai rupia ya kweli huvuta mchele. Wapo wanaochimba usiku kwenye msingi wa jengo, kwa sururu na tochi, na asubuhi kona ya ukuta imebaki inaning'inia.

Masoko, kusini mwa Tukuyu, ndiko uvumi huu ulikojaa. Pale kando ya ziwa la kreta Wajerumani waliweka kambi ya askari, na wenyeji husimulia kwamba walipozidiwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza walitupa silaha na mali ziwani. Sarafu huokotwa kweli ufukweni, na wageni huuziwa. Hilo halinishangazi: palipo na askari pana mshahara, na palipo na mshahara hela hudondoka. Lakini dhahabu ni habari nyingine. Sarafu za dhahabu za Mjerumani, za rupia 15, zilitengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, na zote kwa jumla hazikuzidi sana 16,000. Tabora ni mbali na Masoko, na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyotoka Nyasaland (Malawi ya leo), yaliingia Tukuyu kabla Mei ya mwaka huohuo haijaisha. Mwenye kuchimba ahesabu mwenyewe.

Thamani ya sarafu hizi ilikuwa kwingine. Kuanzia 1898 serikali ya Mjerumani ilidai kodi ya nyumba, na asiye na hela alitumikishwa. Ukiishika heller mkononi, fikiria mtu aliyeondoka kwake kwenda kulima shamba la mzungu ili apate mia za namna hiyo.

Sasa tutazame kuta. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, una boma ambalo sehemu yake bado inatumika kama ofisi za serikali. Mtu huenda pale kufuata barua yake, akaegemea ukuta wenye umri kuzidi wa babu yake, asiuone. Ukifika, simama dirishani upime unene wa ukuta kwa mkono wako. Ofisi ya karani haihitaji ukuta wa namna ile. Anayeuhitaji ni mtu anayetarajia kushambuliwa, na mwaka 1905 Maji Maji ilipowaka kusini, hofu hiyo haikuwa ya bure. Kumbuka tu kwamba ni ofisi: omba ruhusa kwanza, hasa kabla ya kupiga picha.

Iringa hadithi iko hata kwenye jina. Kwa Kihehe lilinga ni ngome, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, iliyoangushwa kwa mizinga Oktoba 1894. Mji tunaouita Iringa leo Wajerumani waliuanzisha baadaye, juu kilimani. Jengo la Boma lililopo mjini, la mwaka 1900 hivi, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ushauri wangu ni usiishie pale. Panda gari hadi Kalenga, kilomita kama 15, ukaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kisha siku nyingine shika barabara ya Morogoro hadi Lugalo, ulipo mnara wa Wajerumani waliouawa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891, akiwemo kamanda wao Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Mshindi wa siku ile ni Mhehe, lakini mnara ni wa aliyeshindwa. Mimi kila nikipita hapo hupunguza mwendo.

Wengi hudhani majengo haya yanalindwa na sheria yenyewe. Si yote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863, na wakati huo Mjerumani alikuwa hajafika. Jengo lake hulindwa pale tu linapotangazwa rasmi. Ndiyo maana boma zuri linaweza kubomolewa likajengwa fremu za maduka, na aliyebomoa asiwe amevunja sheria hiyo.

Kuna pia ubomoaji wa nia njema, nao ndio unaonikera zaidi. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa tofali za kuchoma na udongo au chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Fundi akija akaupiga lipu ya saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea. Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Baada ya misimu michache lipu inavimba, ukiigonga inalia kama debe tupu, ikidondoka inaondoka na uso wa tofali. Hapo fundi huyohuyo huitwa tena, na mfuko mwingine wa saruji. Lipu ya chokaa ingetosha, pamoja na mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali na msingi.

Ukikuta kitu cha kale shambani, kiache palepale, weka alama, mwone afisa utamaduni wa halmashauri. Risasi au bomu usiguse hata kama limeota kutu, ita polisi.

Yule kijana heller yake ilimtoka kwa jembe, kwenye mahindi. Nilimuuliza mbona inang'aa hivyo na mwaka hausomeki. Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu, siku mbili. Mwaka ulikwenda na majivu.

"Bibi anazo nyingine tatu kwenye kopo la sukari," akasema, akifunga leso. "Hizo bado sijazigusa."

Nikamwambia awahi basi la saa nane, amfiche bibi ndimu.