DPI ya kipanya ni nini, na kwa nini namba kubwa kwenye boksi isikuchagulie

Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alikuja nyumbani Jumamosi moja na picha mbili kwenye simu. "Shikamoo mjomba. Hiki kina DPI 12,800, kile 3,200 tu, na bei zinapishana kidogo. Si nichukue hiki cha kwanza?" Usiku, bando likiruhusu, anacheza gemu za kulenga shabaha, na kipanya chake cha zamani kilikuwa kimeanza kubofya mara mbili kila anapobofya mara moja. Nikamwuliza DPI inapima nini. Akasema kasi. Wengi wangejibu hivyohivyo, wauzaji na wanunuzi, na hapo ndipo hela ya mwanafunzi inapopotea. Kwa hiyo naeleza hapa kama nilivyomweleza yeye.

DPI ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya nukta kwa kila inchi. Jina limeazimwa kwa wachapaji, ambao huhesabu nukta za wino kwenye karatasi. Kipanya hakina nukta, kina hesabu, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huandika CPI, yaani hesabu kwa inchi. Vyote viwili vinajibu swali moja: ukikisukuma kipanya inchi moja, ambayo ni sentimita 2.54, kitaiambia kompyuta kwamba kimesogea hesabu ngapi? Cha DPI 800 kitasema 800. Cha 3,200 kitasema 3,200, ila namba ya kwenye boksi ndiyo ya juu kabisa, na vipanya vingi hukuruhusu kuishusha. Windows isipoongeza wala kupunguza kitu, kila hesabu husogeza kishale pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha kwenye kioo cha kompyuta.

Sasa fikiria umenunua gunia la mtama soko la Majengo. Ukilipima kwa pishi unapata hesabu fulani. Ukipima mtama uleule kwa kibaba, hesabu inakuwa mara nne, maana pishi moja ni vibaba vinne. Mtama haujaongezeka hata punje. DPI ni ukubwa wa chombo cha kupimia: namba ikipanda, chombo kinakuwa kidogo zaidi, na mwendo uleule wa mkono unahesabiwa mara nyingi zaidi. Kishale kinaonekana kukimbia kwa sababu hesabu ni nyingi, wala si kwa sababu kipanya kimekuwa bora.

Tuweke namba mezani. Kioo chenye upana wa pikseli 1,920 kinavukwa na kipanya cha DPI 800 mkono ukienda sentimita 6 hivi. Kwa 1,600 ni sentimita 3. Kwa 3,200 ni sentimita moja na nusu. Kwa 12,800 ni milimita 4 tu, chini ya unene wa penseli. Nani ataweza kulenga kichwa cha adui aliyejificha nyuma ya ukuta kwa mkono unaotakiwa kusimama ndani ya sehemu ya milimita? Laptop nyingi za wanafunzi zina vioo vya pikseli 1,366, ambavyo ni vyembamba zaidi, na hapo hata 800 inavuka kioo kwa sentimita 4 na kidogo.

Ndani ya gemu kuna namba ya pili, ile wachezaji wanaiita sensi. Inazidishwa na DPI, na zao lake ndilo linaloamua mkono usafiri kiasi gani. Katika Counter-Strike, sensi ikiwa 1, kila hesabu humgeuza mchezaji nyuzi 0.022. Kuzunguka nyuzi 360 kunahitaji hesabu kama 16,364, yaani mkono usafiri sentimita 52 kwa DPI 800. Ukipandisha DPI hadi 3,200 na kushusha sensi hadi 0.25, mkono utasafiri sentimita 52 zilezile. Kwa hiyo anayejivunia DPI 3,200 na anayetumia 800 wanaweza kuwa wanacheza kwa mwendo mmoja kabisa wa mkono.

Haki itendeke kwa namba kubwa pia. Kibaba kina faida yake kwa pishi: kinapima tofauti ndogo ambazo pishi halizioni. Ukiwa na DPI 400 na sensi kubwa sana, kila hesabu ni hatua ndefu, na alama ya kulengea inaruka badala ya kuteleza. Kupanda hadi 800 au 1,600 kunatibu hilo. Kuendelea mbele ya hapo, faida inapungua haraka, kwa sababu mkono wa binadamu una mtetemo wake, na kipimo kidogo mno huanza kuhesabu mtetemo huo. Tena kuna vipanya vya bei rahisi ambavyo kihisi chake, kile kinachosoma mwendo, hakifiki namba iliyoandikwa. Programu yake inachukua hesabu moja na kuitangaza kuwa mbili au nne. Hapo hujapata hata kibaba. Umepata pishi lililobandikwa jina la kibaba.

Kwa hiyo tazama kihisi kabla ya namba. Chini ya kipanya kuna taa ndogo na kamera ndogo sana. Kamera hiyo hupiga picha za meza maelfu ya mara kwa sekunde, na chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua chembechembe za meza zimehamia wapi. Kihisi kizuri hakipotezi mahali hata ukikivuta ghafla. Kibaya hupotea, na ndipo unamwona mchezaji wako anatazama angani katikati ya pambano.

Hilo linaeleza jambo linalowachanganya wengi dukani. Maduka mengi ya vifaa vya simu na kompyuta yana kaunta ya kioo. Ukijaribu kipanya juu yake kinarukaruka au hakisogei, kwa sababu kioo safi hakina chembechembe za kupiga picha. Vipo vipanya vichache vilivyoundwa kuvumilia kioo, ila vingi haviwezi. Beba daftari, ujaribu juu ya jalada lake. Na kwa sisi wa Dodoma, upepo wa kiangazi ukileta vumbi, hali hiyohiyo hutokea polepole nyumbani: vumbi linajaa kwenye tundu la kamera na kishale kinaanza kutetemeka. Pamba kavu inatosha. Nimeona vipanya vizima vikitupwa kwa kosa la vumbi, na inaniuma kila mara.

Jaribio lenyewe halihitaji utaalamu. Kwanza zima ile huduma ya Windows (Enhance pointer precision) inayoongeza kasi ya kishale mkono unapokwenda haraka, maana hiyo hufanya umbali uleule wa mkono utoe matokeo tofauti, na mkono haujifunzi kitu. Kwenye dirisha la zamani la mipangilio ya kipanya, weka mstari wa kasi ngazi ya sita kati ya 11. Kisha laza rula mezani, anza kishale kikiwa ukingoni mwa kushoto, sogeza hadi ukingo wa kulia, usome sentimita. Linganisha na hesabu nilizotoa juu. Halafu weka kishale katikati ya kioo, sogeza kipanya haraka bila kishale kugonga ukingo wa kioo, ukirudishe polepole hadi alama ileile ya rula. Kishale kikirudi kilipoanzia, kihisi ni mkweli.

Kuna namba nyingine kwenye boksi, ya Hz, inayosema kipanya kinatoa taarifa mara ngapi kwa sekunde. 125 ni kila milisekunde 8, na 1,000 ni kila milisekunde 1. Kwa gemu za kulenga chukua cha 1,000, na siku hizi hata vya bei ya kawaida vinayo. Uzito ni suala la mkono wako, ingawa mimi napendelea visivyovuka gramu 90. Lakini umbo usilidharau hata kidogo: kuna anayelaza kiganja chote, anayekunja vidole kama kucha, na anayeshika kwa ncha tu, na kipanya kinachomfaa mmoja kitamchosha mwingine ndani ya nusu saa. Hilo hakuna namba inayolisema. Ni kushika.

Mpwa wangu alivijaribu vyote viwili juu ya jalada la daftari la hesabu. Cha 12,800 kilipovutwa haraka kilirudi kikiwa kimepotea karibu robo ya kioo. Alichukua cha 3,200, na amekiweka 1,600 kwa sababu meza yake ya bwenini ni ndogo, robo tatu imekaliwa na laptop na jiko la umeme. Bado anatumia daftari kama padi ya kipanya. Mwezi ujao nitamnunulia ya kitambaa, pana kiasi meza itakavyoruhusu.